Majina ya Maua Aliyonipa Mama

Maua ya uani kwetu Majengo yote yalikaa ndani ya madebe ya mafuta ya taa. Mama hakuiamini ardhi ya Pumwani. Alisema ni ya serikali, na serikali inaweza kuamka siku moja ikaitaka. Debe unaweza kulibeba ukaondoka nalo. Nyumba yenyewe aliiita yake, ijapokuwa alichomiliki ni kuta na mabati. Vyumba vilipangana pande mbili za ukumbi. Kimoja alikaa mwenyewe, vingine alipangisha, na kwa kodi hiyo nilisoma mpaka nikaenda chuo kikuu Uganda. Baba hakuwepo. Nilipokuwa mdogo alikwenda Tanga kufanya kazi ya muda kwenye mashamba ya mkonge, akaoa huko, na kazi ya muda ikawa ya maisha.

Chuoni nilisomea mimea. Mama aliwaambia majirani nasomea udaktari wa miti, na mimi nilichoka kumsahihisha. Nilikuwa katika umri ambao mtu akiniambia mvua inanyesha nilitoka nje kuhakikisha. Nilimuuliza imamu wetu maswali mpaka akaanza kunikwepa baada ya sala. Wahadhiri nao sikuwaacha.

Tulifundishwa kwamba kila mmea una jina moja la Kilatini, lile lile popote duniani, na kwamba majina ya watu wa kawaida ni vurugu tu. Sikulikubali hilo kirahisi. Lile ua linalofumba mchana na kufumbua alasiri, ambalo karibu kila ua wa nyumba Majengo ulikuwa nalo, vitabu vililiita Mirabilis jalapa. Neno la kwanza maana yake ni la ajabu. La pili ni mji wa Meksiko ulikotoka mzizi wa kuendeshea tumbo. Mabingwa wa zamani walidhani mzizi ule ni wa ua hili, kumbe ni wa mmea mwingine kabisa. Kosa likajulikana, jina likabaki. Nilimwambia mhadhiri kwamba basi tunakariri kosa. Akanijibu kuwa kosa ambalo watu wote wamekubaliana nalo lina faida kuliko ukweli wa mtu mmoja. Jibu lile liliniudhi muhula mzima.

Hata hayo maneno "maua ya kudumu" niliyatilia shaka. Kitabu kilieleza kwamba ni maua ambayo baridi kali ikija hufa juu na kubaki hai chini, kisha huchipua upya mwaka unaofuata. Sasa Nairobi baridi kali iko wapi? Julai tunavaa sweta, basi. Kwetu ua lilidumu kwa sababu kuna mtu alilimwagia maji aliyooshea mchele. Mwenye duka Mhindi, karibu na soko la Shauri Moyo, alikuwa na Vinca rosea kwenye kopo mlangoni, akaliita barmasi, la miezi kumi na mbili. Ua la saa za alasiri aliliita gulbas. Nilimuuliza gulbas maana yake nini, akasema maana yake ni hilo ua unaloliona, unanunua kitu au hununui?

Mwaka niliomaliza masomo, kituo kimoja cha utafiti katika milima ya Usambara kilikuwa kinatafuta kijana Mwafrika wa kukusanya majina ya mimea kwa lugha za wenyeji. Nilisoma tangazo lile nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nikiwa nimekaa. Kazi nyingine zote zilizokuwa wazi kwa mtu kama mimi zilikuwa za kuandika yaliyosemwa na mwingine. Hii ilikuwa ya kuuliza, na kulipwa kwa kuuliza.

Nilimwambia mama akiwa anachagua mchele.

"Usambara si ndiyo upande wa Tanga?"

"Ni juu ya Tanga, milimani."

"Ahaa," akasema, akaendelea na mchele wake.

Mzungu aliyesimamia uchaguzi wa kijana huyo alikuwa na ofisi mjini Nairobi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na nilimpenda kwa hilo. Kabla ya kuamua alinipa kazi ya majaribio: nikusanye maua ya kudumu yanayopandwa kwenye nyumba za Waafrika huku mashariki mwa mji, nikaushe sampuli, na kwa kila moja nilete jina la Kilatini na majina ya watu kwa lugha zao. Alikuwa na sharti moja. Jina la mtu mmoja si jina. Lazima watu watatu walitaje, kila mmoja peke yake, bila kusikilizana. Sharti lile lilinifurahisha kama limetungwa kwa ajili yangu.

Ilikuwa Ramadhani, na masika yalikuwa yameyachangamsha madebe yote. Alasiri mama hukaa juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nikamletea shina la ua la kwanza.

"Hili mnaliitaje?"

Alilitazama kwa muda. "Mwita-alasiri."

"Kwa nini?"

"Likifumbua, ujue mwadhini yuko njiani."

"Mbona sijawahi kukusikia ukiliita hivyo?"

"Ulikuwa unauliza, baba? Ulipokuwa mdogo kazi yako ilikuwa kuyang'oa."

Nikacheka. Lile la waridi hafifu, barmasi ya Mhindi, akaliita mtunza-kiapo, kwa kuwa hata ukilisahau siku kadhaa bila maji halikuachi. Lile refu la majani mapana, Canna indica, akaliita mtasbihi, akanipasulia tumba lake kavu kunionyesha mbegu nyeusi za mviringo, ngumu kama shanga. "Wazee walizitunga uzi," alisema. Asumini akaliita asumini, rehani akaiita rehani, kama kila mtu. Nilikesha na majina yale kichwani. Kitabu kilikuwa na mji wa Meksiko na mzizi usio wake. Mama alikuwa na mwadhini aliye njiani.

Siku zilizofuata nilitafuta watu wawili wengine. Wa kwanza alikuwa bibi wa Kinubi, mwenye nyumba ya mkabala na yetu, aliyekuwa akinilea mama akienda sokoni. Wa pili alikuwa mpangaji wetu, mama wa Kikamba ambaye mumewe alishona viatu vya tairi pale Kariokor. Niliwaendea kila mmoja peke yake, kama ilivyotakiwa. Bibi alichukua shina la mtasbihi akalisogeza karibu na jicho lake zima.

"Shikamoo bibi. Hili kwa Kinubi mnaliitaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kwa Kinubi sijui, sisi tulilikuta hapa hapa. Kwa Kiswahili ni mtasbihi."

Yule mama wa Kikamba alikuwa anakoleza jiko nilipomwonyesha lile ua la alasiri.

"Kwetu Machakos hilo halina jina, bwana profesa. Haliliki, halitibu, mbuzi halimzuii. Tulipe jina la nini?"

"Na Kiswahili cha hapa?"

Akainama akapuliza makaa. "Mwita-alasiri," akasema, kama mwanafunzi aliyeitwa kusimama.

Nilifurahi kupita kiasi. Watu watatu, nyumba mbili, makabila matatu, na kila ua jina moja. Nikawa nayaeleza majina yale kwa marafiki zangu kwenye jumba la mikutano la Kaloleni, nikiwaambia kwamba hapa, kwenye mitaa ambayo halmashauri ya mji inaiona ni mabweni ya vibarua tu, Kiswahili kinazaa maneno mapya bila ruhusa ya mtu. Rafiki mmoja, karani wa reli, alisema majina yenyewe ni mazuri mno. Nikamwambia hiyo ni kasumba ya kutoamini kwamba mama zetu wanaweza kusema kitu kizuri.

Kuna jambo moja nililiona bila kulitazama. Ramadhani zote za nyuma mama alikuwa akimtuma mtu kupeleka sahani za futari kwa majirani. Yeyote aliyekuwa karibu alitumwa. Ramadhani ile alizipeleka mwenyewe, moja moja, zimefunikwa kawa, hata kwa mpangaji wetu ambaye hakuwa Mwislamu. Akichelewa kurudi mihogo yetu ilipoa. Sahani ile ikiingia nyumba ya mtu haiingii na chakula peke yake. Inaingia na habari za mgonjwa, za posa, za nani kakamatwa kwa kukosa kibali. Nimekulia kwenye sahani hizo. Nami nilikuwa natafuta watu wasiosikilizana, katika Ramadhani, Majengo.

Mzungu alipenda kazi yangu. Alisoma majina kwa sauti, polepole, akisita kwenye kila moja. Aliniambia ana kawaida ya kurudia sehemu ya kazi ya kila mtu, si kwa kumshuku mtu, na kwamba Idi ikipita angefika kwetu mwenyewe kuuliza mimea mitatu. Nilitoka ofisini kwake nikitembea kwa miguu mpaka Pumwani, ingawa nauli ya basi ilikuwamo mfukoni. Nilimwambia mama kwamba atakuja mgeni. Akauliza kama anakunywa chai ya maziwa.

Alikuja kwa Landirova. Miaka ile, wakati wa hali ya hatari, gari la namna hiyo likiingia Majengo milango hufungwa yenyewe. Ilinichukua muda kuwatoa wanawake nje na kuwaambia huyu si polisi, ni mtu wa maua. Mtu mmoja nyuma ya ukuta akasema kwamba sasa hata maua yatatakiwa kuwa na kipande cha utambulisho.

Tulisimama uani. Mzungu alishika shina la ua la alasiri, likiwa bado limefumba, akamgeukia bibi wa Kinubi.

"Mama, hii ua naitwa nini?"

Bibi alinitazama mimi, kisha akatazama upande wa jikoni. "Niliambiwa," akasema. "Limenitoka."

"Nani ambia wewe?"

Bibi akavuta kanga yake. Nikaona kalamu ya mzungu imesimama hewani. Akamgeukia mama wa Kikamba. Huyu alijibu haraka, kwa hamu ya kusaidia: "Mtasbihi." Mzungu akamwonyesha mtasbihi wenyewe, na hilo je? Akasema, "Hilo ndilo la kiapo," akaona uso wangu, akaanza kupangusa mikono kwenye kanga.

Wa mwisho alikuwa mama. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu aliyejiandaa. Alilipokea lile shina, akalizungusha kidoleni, akamrudishia.

"Hili ni ua tu, bwana. Sisi hatukulipa jina. Watoto wanasema ua la jioni, basi."

"Na hii?"

"Hilo pia ni ua."

Sikuelewa. Nilidhani ameogopa gari. Mzungu alifunga mkoba wake, akamshukuru kila mtu, akaenda mpaka kwenye Landirova nami nikamfuata. Huko alisema nami kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akinistiri mbele ya majirani. Aliniambia amewahi kuona vijana wakibuni majina ili wapate kazi na kuwafundisha ndugu zao wayaseme. Wengi hubuni vibaya, akasema. Mimi nimebuni vizuri kuliko wote aliowaona, na ni bahati mbaya kwamba hii si kazi ya kubuni.

"Sikubuni mimi," nilisema.

"Nani basi?"

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo lazima aisikie:

"Mama, mwambie bwana ni wewe uliyeniambia majina haya."

Alinitazama sawasawa. Nina hakika aliona kinachoendelea. Hakujua Kiingereza, lakini uso wa mtu anayeitwa mwongo hauhitaji kutafsiriwa.

"Huyu amesoma, bwana," alimwambia mzungu. "Mimi nitamfundisha nini?"

Landirova ikaondoka. Watoto wa mtaa walikimbia nyuma yake mpaka kona.

Jikoni nilimkuta anamimina ile chai ambayo mgeni hakuinywa. Nilikuwa nimemwandalia sababu, nikamkabidhi.

"Uliogopa lile gari."

"Niliogope kwa nini? Mimi si Mkikuyu, na kibali changu kiko kabatini."

"Kwa hiyo majina yale uliyatunga."

"Kunywa chai."

"Ukawapelekea na wenzako kwenye sahani."

Hakukana. Alisukuma kikombe upande wangu. Nikamwambia kwamba angesema tu, usiende, tungegombana, na pengine ningebaki. Akasema baba pia walizungumza naye kabla hajaondoka, walizungumza vizuri sana, akaenda. "Na wewe nakujua. Nikikuambia usiende ungeniuliza kwa nini mpaka nishindwe kujibu. Wewe ndivyo ulivyo. Tanganyika imekwisha kuchukua mmoja."

"Twende kesho ofisini kwake. Useme ni wewe."

"Niende kumwambia mzungu kwamba mimi ni mwongo?"

"Kwa hiyo niwe mimi?"

"Wewe ni kijana," alisema. "Litapita."

Nilivuka njia nikaenda kwa bibi wa Kinubi. Nilimwomba yeye basi aje nami, aseme alichoambiwa na aliyemwambia. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema hakuwa na nia mbaya, alidhani ni mchezo wa mama na mwana, lakini kwenda kwa wazungu kumshitaki mama yangu hawezi. "Mimi na yeye ndio tutakaozikana, mjukuu wangu. Wewe utaondoka tu, kama si mwaka huu, mwingine." Nilimwambia siwezi tena kuondoka, kwa sababu yao. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayepewa habari za msiba wa mbali.

Nilikwenda ofisini peke yangu. Mzungu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema inawezekana kabisa ninasema kweli, lakini hana njia ya kujua, na kwamba mkusanyaji ambaye mama yake mwenyewe anaweza kumdanganya kwa mwezi mzima naye ana tatizo. Nimelitafuta jibu la neno hilo tangu siku ile na sijalipata. Kazi alipewa kijana mwingine niliyesoma naye, ambaye sikumbuki akiuliza swali hata moja darasani.

Watu wakinisikia nikisimulia haya huniambia mama alinipenda. Sijawahi kubisha hilo. Lakini nimeona kwamba neno lile hutolewa ili mtu anyamaze, na mimi sijamaliza kuuliza. Kutaka nibaki ni haki yake. Ninachouliza ni ile dakika ya mlangoni. Kazi ilikuwa imekwisha kupotea kabla sijamwita. Bibi na mama wa Kikamba walikuwa wamekwisha kuiharibu. Kusema kweli wakati ule kusingenipeleka Usambara. Kungenirudishia jina langu tu, basi. Na hata hilo hakunipa. Nimemuuliza mara nyingi. Husema hakumbuki vizuri, na siku nyingine husema jua lilikuwa kali.

Wiki chache baadaye nilipata kazi ya ualimu katika shule moja huko huko Pumwani. Nilimwambia mama kwamba sasa nitatafuta chumba changu, labda Ziwani au Makongeni, popote ambapo si kwake. Alinishika mkono, akanipeleka ukumbini mpaka mlango wa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, ambacho siku zote kilitoa kodi nzuri kuliko vingine. Nilijua mpangaji wake, mtu wa reli, amehamia nyumba za kazini. Sikujua kwamba hakuna aliyepangishwa baada yake.

Ndani kulikuwa na kitanda kipya cha kamba, meza, kiti, na rafu ya mbao kwa ajili ya vitabu. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Nilipitisha kiganja ukutani kikatoka kisafi. Ilikuwa imekauka zamani, na pembeni mwa dirisha mvua ya masika ilikuwa imeshaichora mistari ya kahawia. Tulikuwa tumeingia kipupwe.

"Ulikipaka lini?"

"Uliponiambia habari za Usambara," alisema, naye akafungua dirisha ili nione jinsi upepo unavyoingia.

Sikuwa na mshahara bado, na vyumba vya Ziwani vilikuwa vya watu wenye familia. Nikaingiza vitabu vyangu.